Vumbi la Ipuli na mipapai yangu 11

Mwanzoni mwa Agosti niliona majani ya mipapai yana vidoa vidogo vya njano, kama mtu amenyunyizia unga wa dona. Nikasema ni njaa ya mbolea, nikaweka samadi. Wiki mbili baadaye vidoa vikaungana, majani yakapauka, mengine yakawa na rangi ya shaba.

Nikakosea tena, na kosa hili Tabora tunalifanya wengi: nikachukua dawa ya wadudu iliyobaki msimu wa tumbaku, nikapulizia. Siku chache pakatulia, kisha hali ikawa mbaya kuliko mwanzo.

Mzee jirani yangu ndiye aliyeniuliza, "Mwanangu, chini ya jani umetazama?" Sikuwa nimetazama. Akaomba karatasi nyeupe, akaligonga jani juu yake. Zikaanguka nukta nukta, na zile nukta zikaanza kutembea.

Utitiri. Hauna ukubwa wa hata nusu milimita, una miguu minane, na ni ndugu wa buibui na kupe. Hautafuni jani kama kiwavi. Hukaa upande wa chini, hutoboa chembe mojamoja na kufyonza kilichomo, ukijani na vyote. Kila kidoa nilichokiona juu kilikuwa mahali palipokwisha kunyonywa. Jani la namna hiyo haliulishi mti tena, hukauka na kudondoka. Mapapai yangu yakabaki bila kivuli, jua likayababua.

Nayo ile dawa ilikuwa imeua vijidudu vinavyoula utitiri, wenyewe ukabaki unazaana. Kwenye joto na ukavu yai hufikia kuwa utitiri mzima kwa muda wa wiki moja hivi, na vumbi la barabara yetu ya Ipuli linaupendeza mno.

Nikaosha bomba la mgongoni kwa sabuni mara tatu, nikajaza maji matupu. Kila baada ya siku moja, alfajiri, nilipiga maji chini ya majani kwa nguvu. Yaliyozongwa na tando niliyakata na kuyachoma. Maji ya kufulia nikawa namwaga barabarani kutuliza vumbi. Waendesha bodaboda walinicheka sana.

Majani yaliyoharibika hayakurudi kuwa ya kijani. Nilikuwa nachungulia yale machanga ya kileleni, na kufikia katikati ya Septemba yalikuwa yanatoka safi. Mipapai miwili nilichelewa kuiokoa. Mvua za Novemba zilikuta 9.