Mistari miwili kwenye filamu

Nilikuwa mwanafunzi wa uzamili nilipokabidhiwa plasmidi, yaani duara dogo la DNA linaloishi ndani ya bakteria kando ya kromosomu yake, iliyobeba kipande cha DNA chenye jozi besi (viungo vya mnyororo wa DNA) 1,200, pamoja na swali moja: kipande hiki kinatengeneza protini gani? Bakteria wa E. coli ana maelfu ya protini zake mwenyewe. Ukizitandaza zote kwenye jeli, inayozipanga kwa ukubwa, ndogo zikishuka chini zaidi, ile ya plasmidi inamezwa na umati.

Mwalimu wangu alichagua njia iliyochapishwa na Aziz Sancar na wenzake mwaka 1979, ambayo hadi leo naistahi kwa akili iliyomo. Unachukua bakteria wasioweza kukarabati DNA yao, unawapiga mionzi ya urujuanimno kidogo tu. Kromosomu yao ina jozi besi zipatazo milioni 4.6, plasmidi kama pBR322 ina 4,361. Mionzi haichagui, ila kilicho kikubwa ndicho hupatwa. Saa chache baadaye kromosomu iliyojeruhiwa imemegwamegwa na vimeng'enya vya seli yenyewe, huku plasmidi zilizonusurika zikiendelea kujinakili. Tuliongeza sikloserini, dawa inayoua seli zinazokua, ili zile zilizopona zisituvurugie kazi. Kisha methionini, mojawapo ya asidi amino zinazojenga protini, yenye salfa-35 inayotoa mnururisho. Tangu hapo, karibu kila protini mpya yenye mnururisho ilikuwa ya plasmidi.

Tulizitandaza protini kwenye jeli, tukailaza juu yake filamu ya picha, ambayo mnururisho huichora mstari penye kila protini mpya. Filamu ilipokauka tuliiinua kwenye mwanga. Safu ya plasmidi tupu, isiyo na kipande chetu, ilionyesha beta-laktamasi, protini inayomkinga bakteria dhidi ya ampisilini: mstari mzito, na juu yake mwingine hafifu wa protini ambayo haijakatwa kipande chake cha mwanzo. Safu yetu ilikuwa na hiyo hiyo, na zaidi ya hapo mstari mpya wa kilodaltoni (kipimo cha uzito wa protini) 40 hivi. Nilishangilia. Mwalimu akaweka kidole chini yake, penye mstari mwingine mwembamba.

"Na huu ni wa nani?"

"Huenda kuna jeni la pili, Mwalimu."

"Hesabu nafasi kwanza."

Asidi amino moja hutaka besi tatu, kwa hiyo jozi 1,200 haziwezi kuzidi asidi amino 400, yaani kilodaltoni 44 hivi. Protini yetu kubwa ilikwisha kula karibu nafasi yote. Hata hivyo jeni mbili huweza kutumia sehemu ileile ya DNA, na sikutaka kuandika jambo kwa kukisia.

Tukarudia. Safari hii, baada ya dakika chache za methionini yenye mnururisho, tulimimina methionini ya kawaida kwa wingi, ili protini zitakazotengenezwa baadaye zisionekane kwenye filamu, tukawa tunachota sampuli kidogo kidogo. Katika sampuli ya kwanza ulionekana mstari mkubwa peke yake. Kadiri muda ulivyosonga ulififia, na ule mdogo ukakolea. Protini ilikuwa moja; seli ilikuwa inaikata.