Simu ya Saa Saba Mchana

Ilikuwa Februari 2016, mkoani Aichi, Japani, kwenye karakana inayotengeneza na kukarabati kalibu za vyuma za kumiminia plastiki. Tulikuwa kwenye mapumziko ya mchana, yanayoanza saa sita hadi saa saba. Dada wa ofisini, anayepokea simu siku zote, alikuwa ametoka kwenda posta. Simu ikalia. Ilipolia mara ya tatu niliipokea mimi, kwa sababu nilikuwa nimeshafundishwa kwamba simu ya kazini isipite mlio wa tatu bila kuinuliwa.

Nilikuwa mwanafunzi wa kazi mwenye miezi minne pale. Kabla ya hapo nilikaa wiki sita darasani kujifunza lugha, na maneno ya karakana niliyajua vizuri: kanagata ni kalibu, zumen ni mchoro wa kiufundi, nooki ni siku ya kukabidhi kazi, furyoohin ni kifaa kilichotoka na kasoro. (Irabu ndefu naziandika kwa kurudia herufi, maana kwao urefu hubadili maana.) Niliyaandika kwenye daftari, kila neno na sentensi yake nzima. Ukijua zumen tu, utasimama mbele ya fundi mkuu ukinyoosha kidole. Ukijua "zumen o misete itadakemasu ka", yaani naomba unionyeshe mchoro, umeshapata neno na adabu yake kwa pamoja.

Kijapani kina irabu tano kama zetu, na silabi zake karibu zote huishia na irabu, kwa hiyo Mswahili hutamka vizuri mapema kuliko wageni wengi. Pana shimo moja tu. Sisi mkazo wetu huangukia silabi ya pili kutoka mwisho, na tukiweka mkazo tunavuta sauti. Mjapani akisikia mvuto huo anasikia neno lingine. Biru ni jengo, biiru ni bia. Kado ni kona, kaado ni kadi. Mimi kila jengo nililiita bia kwa miezi miwili, mpaka nikaanza kujizoeza kwa kugonga meza kwa kidole, gonga moja kwa kila silabi, zote sawa sawa.

Kuhusu adabu nilikuwa na jedwali. Lugha ya heshima, keigo, hufundishwa kwa mafungu matatu: sonkeigo ya kumpandisha mwenzako, kenjoogo ya kujishusha wewe, na teineigo ya upole wa kawaida. Mwongozo wa serikali yao wa mwaka 2007 uliyagawa kuwa matano, lakini kazini hayo matatu yanakufikisha. Kwenda ni iku; akienda mkubwa ni irassharu, nikienda mimi ni mairu. Kusema ni iu; mkubwa ossharu, mimi moosu. Kuona, miru, ni goran ni naru kwake na haiken suru kwangu. Kosa la kwanza la mgeni ni kujipandisha mwenyewe bila kujua. Hilo nililikwepa. La pili halimo kwenye jedwali, na ndilo nililoinua pamoja na ule mkono wa simu.

Nilianza na "moshi moshi". Ni salamu ya simu ya nyumbani na ya marafiki. Ofisini haitumiki kupokelea. Kazini hutajwa kwanza jina la kampuni, kisha "de gozaimasu". Ikiwa simu imepita mlio wa tatu, hutanguliza "omatase itashimashita", samahani kwa kukuweka. Anayepiga akishajitambulisha, unamjibu "itsumo osewa ni natte orimasu", kumshukuru kwa jinsi anavyotutendea wema siku zote. Neno hili husemwa hata kama ndiyo mara yako ya kwanza kumsikia, kwa sababu anayeshukuru ni kampuni nzima, wewe ni mdomo wake tu.

Mteja akamwomba meneja wetu. Nitamwita Yamada, jina la vitabuni. Nikajibu kwa heshima yote niliyokuwa nayo: "Yamada-san wa irasshaimasen", yaani Bwana Yamada hayupo. Kwa sikio la Kiswahili hapo hakuna dosari. Bosi ni mkubwa wangu, nimempa san, neno la heshima linalofuata jina, nimempa na kitenzi cha kumpandisha. Kwetu mtu unayempa shikamoo ni mkubwa wako uwe unaongea naye, na mkeo, au na askari wa barabarani. Heshima inamfuata mwenyewe popote anapotajwa.

Kwa Wajapani heshima huangalia kwanza mstari kati ya ndani na nje, uchi na soto. Ukiongea na mtu wa nje, kila aliye ndani ya kampuni yako, hata mwenyekiti, ni upande wako, na upande wako hushushwa. Jina lake hutajwa tupu, bila san, na bila cheo nyuma yake. Nilipaswa kusema: "Mooshiwake gozaimasen. Yamada wa tadaima seki o hazushite orimasu." Samahani sana, Yamada kwa sasa hayupo mezani pake. Na kitenzi ni oru, cha kujishusha. Kumpandisha bosi wako mbele ya mteja ni kama kujipigia makofi mwenyewe ukiwa ugenini. Sarufi yake niliijua tangu darasani, mdomo wangu ndio uliokataa. Kumtaja mtu mzima aliyenizidi miaka ishirini kwa jina tupu kulinikaba koo kwelikweli, na sidhani kama kuna Mswahili aliyelelewa vizuri atakayelisema mara ya kwanza bila kusita.

Hayo mteja aliyapuuza. Kilicholeta madhara ni saa.

Aliomba apigiwe ifikapo "ichi-ji". Ichi ni moja, ji ni saa. Wao huhesabu kama Wazungu, kwa hiyo ichi-ji ya mchana ndiyo saa saba yetu. Nilisikia vizuri, nikaelewa vizuri, nikajiambia kichwani: saa saba. Mkono ukaandika 7. Kwenye karatasi ya ujumbe, chini ya tarehe ya mwaka wa 28 wa Heisei, yaani 2016 kwa hesabu yao, ikabaki alama ya ji na mbele yake saba nzuri iliyonyooka.

Ningerudia kwa sauti, kosa lingekufa pale pale. Anayepokea ujumbe hutakiwa kusema "fukushoo itashimasu", nautamka tena, kisha asome alichoandika: jina, kampuni, namba, saa. Sikufanya hivyo. Niliona ni kumsumbua mkubwa mwenye haraka. Na hata ningerudia kwa uvivu bado kungekuwa na hatari, kwa kuwa saba ni shichi, na irabu yake ya kwanza karibu haisikiki, hasa kwenye simu. Ichi na shichi hugongana kila siku hata kwao wenyewe. Ndiyo sababu kwenye namba husemwa nana badala ya shichi, na yon badala ya shi kwa nne. Kwa saa, wengi hutaja kwa hesabu ya ishirini na nne: juusan-ji, 13:00, haiwezi kuwa kitu kingine. Tarehe nazo zina mtego wake. Yokka ni tarehe nne, yooka ni tarehe nane, na kilichozitenga ni pumzi tu.

Yamada alirudi robo saa kabla ya mapumziko kwisha, akaisoma karatasi, akaona bado ana muda mpaka jioni, akashuka karakanani. Mteja alikuwa anasubiri jibu moja: ile kalibu iliyokwisha rekebishwa, airudishe kwenye mashine kwa zamu ya mchana au angoje? Alipokosa jibu aliacha mashine isimame. Alipopiga tena, dada wa ofisini alikuwa amerudi. Nilimwona anainama huku ameshika simu, mgongo wote, kwa mtu asiyeweza kumwona. Nilidhani ni mazoea tu. Baadaye alinieleza kwamba mwili ukiinama sauti nayo huinama, na aliye upande wa pili hulisikia hilo.

Hakuna aliyenipigia kelele. Yamada aliniuliza maswali matatu: ulisikia nini, ukaandika nini, ni nini kilichopita katikati? Nikamweleza saa ya Waswahili, kwamba siku yetu inaanza kuhesabiwa jua likichomoza, kwa hiyo saa moja ya asubuhi kwetu ni yao ya saba. Alichora duara kwenye karatasi, akaweka mishale miwili, akalitazama kwa muda. Akasema hilo nilipaswa kuliripoti siku ya kwanza kabisa. Kazini huita hoo-ren-soo: hookoku, kutoa taarifa, renraku, kufahamisha, soodan, kuomba ushauri. Matamshi yake yanafanana na jina la mboga ya spinachi, ndiyo maana hakuna anayelisahau. Kwa macho yake kosa langu halikuwa la simu. Lilikuwa la kukaa miezi minne na hatari ninayoijua bila kuitoa mezani.

Jioni ile dada wa ofisini alinikalisha mpaka karibu saa mbili usiku. Tuliandika karatasi mpya ya ujumbe yenye sehemu sita: ya nani, kutoka kampuni gani na nani, namba yake, anataka nini, imepokelewa tarehe na saa ngapi, na jina la aliyepokea. Saa zote kwa hesabu ya ishirini na nne. Ukutani juu ya simu tulibandika ukanda wenye safu mbili, saa zao na saa zetu. Akanionyesha pia namna ya kukata: hutupi mkono wa simu kitakoni. Unasema "shitsurei itashimasu", unangoja aliyepiga akate kwanza, halafu unabonyeza kitufe cha kukatia taratibu kwa kidole ndipo uushushe mkono. Mkono wa plastiki ukigonga kitako, mteja anausikia kama teke.

Asubuhi iliyofuata Yamada akasema tunakwenda kuomba radhi, mimi na yeye. Simu hutangulia, siku ile ile; kwenda wenyewe hufuata haraka iwezekanavyo. Njiani alinunua boksi la vitafunio vitamu, la yen 3,000, kila kimoja kimefungwa peke yake ili wagawane ofisini bila kisu wala sahani.

Kulikuwa na baridi kali. Kwenye lango, kabla ya kuingia ndani ya jengo, alivua koti, akalikunja bitana likiwa nje, akaliweka mkononi. Nikamfuatisha. Koti la barabarani haliingizwi na vumbi lake nyumbani kwa mtu.

Tuliingizwa kwenye chumba chenye meza na viti sita. Kiti cha mbali na mlango ndicho cha heshima, kamiza, na mgeni kwa kawaida ndiko hukaribishwa. Aliyekuja na kosa haketi. Tulisimama upande wa mlangoni, boksi likiwa bado kwenye mfuko wake wa karatasi miguuni pa Yamada. Hilo halitolewi kwanza. Ukilitanguliza, unaonekana unanunua msamaha.

Mteja aliingia. Kwa kuwa hatujawahi kuonana nilipaswa kubadilishana naye kadi za majina, lakini Yamada alikwisha nionya kwamba radhi hutangulia kadi. Kuinama kwao kuna vipimo: nyuzi 15 mkipishana njiani, 30 kwa mgeni wa heshima, 45 kwa radhi. Mgongo unabaki umenyooka toka kiunoni hadi kisogoni, shingo haidondoki, mikono ya mwanamume inakaa kwenye mshono wa suruali. Maneno kwanza, mwili baadaye. Ukisema huku unainama, sauti yako inaishia sakafuni. Na neno lenyewe si sumimasen, hilo ni la kukanyagana kwenye treni. Gomen nasai ni la nyumbani. Hapa ni "taihen mooshiwake gozaimasen deshita", na unabaki umeinama, huinuki kabla ya mkubwa wako.

Nilikuwa nimejiandaa kwa utetezi wa Yamada. Nilidhani atasema huyu ni mgeni, lugha bado, kwao saa zinahesabiwa vingine. Mambo yote ya kweli, na karatasi yenye lile duara ilikuwa mfukoni mwake. Hakuitoa. Alisema:

"Uchi no Hamishi ga, taihen shitsurei itashimashita."

Hamishi wetu amewakosea heshima sana. Kijapani hakina silabi ya si, kwa hiyo Hamisi mimi nilikuwa Hamishi tangu siku ya kwanza. Lakini kwa miezi minne, kwa kila mtu, kuanzia mkurugenzi hadi mama wa usafi, nilikuwa Hamishi-san. Sasa nikasikia jina langu tupu, na mbele yake neno uchi, ndani. Nilikuwa nimeinama, naangalia vidole vya viatu vyangu, na nikatamani nisiambiwe niinuke bado.

Mteja akatuambia tuketi. Ndipo boksi likatolewa mfukoni, likageuzwa maandishi yamtazame yeye, likakabidhiwa kwa mikono miwili. Ndipo na mimi nikatoa kadi yangu, mikono miwili, chini kidogo ya yake. Nikasema "choodai itashimasu" nilipoipokea, nikailaza juu ya kasha langu mezani mpaka mwisho wa mazungumzo. Wakaongea juu ya kalibu kwa dakika ishirini.

Tulipofika garini, tukiwa wawili tu, Yamada aliwasha injini akaacha ipate moto. Akaangalia saa ya kwenye dashibodi, akaangalia upande wangu.

"Hamishi-san," akasema, "hii kwenu ni saa ngapi?"

Ilikuwa 11:05. Nikamwambia, saa tano na dakika tano.