Nilivyoweza kumsimulia Rachel Jenkins kwa Kiwelisi

Nipo Swansea, huku Wales, mwaka wa nne sasa nafanya kazi ya kuhudumia wazee, na Kiwelisi, lugha ya wenyeji wa huku, nilianza kujifunza kwa sababu kuna wazee wakichoka sana Kiingereza kinawatoka wanabaki na lugha ya mama yao tu. Sasa mwalimu akatupa kazi, kila mtu aongee dakika tano bila karatasi kuhusu Mwelisi yeyote. Wenzangu wengi wakachukua wacheza raga, mimi nikamchukua Rachel Jenkins.

Huyu mama alikuwa kwenye meli ya Mimosa iliyoondoka Liverpool mwezi Mei 1865 na Wawelisi kama 150 hivi, meli yenyewe ilikuwa ya kubebea chai wala haikujengwa kwa ajili ya abiria, wanaenda Patagonia kule Argentina ili watoto wao wakue na lugha yao, maana huku kwao mtoto alikuwa anaadhibiwa shuleni akiongea Kiwelisi. Watoto kadhaa walifia baharini. Wakafika tarehe 28 Julai, na kule Julai ndo baridi yenyewe, maji ya kunywa pale walipotua hakuna, mto Chubut uko zaidi ya kilomita 60. Wengi walikuwa wachimba makaa ya mawe, kilimo hawakijui, na mvua ya kule ni kidogo mno. Walipanda ngano ikakauka. Wenyeji, Watehuelche, ambao ardhi ile ilikuwa yao, ndo waliowafundisha kuwinda, wakawa wanabadilishana nyama na mkate.

Kilichonisumbua ni kwamba karibu kila nilichosoma kinaongelea wanaume tu, yeye anatokea sentensi mbili anapotea. Ila hizo sentensi mbili jamani! Mwaka 1867 Rachel aliona kwamba maji ya mto yamepanda yako juu kuliko shamba lao, akamwambia mume wake Aaron tukate ukingo hapa tuyaachie maji yaingie. Wakachimba kamfereji, maji yakatambaa kwenye ile ardhi kavu, ngano ikaota. Bonde zima likaiga, na baadaye ngano ya Chubut ikashinda tuzo Paris 1889 na Chicago 1893.

Mimi nimezaliwa Uru, Kilimanjaro, nimekua kwenye mfongo, yaani mfereji wa Wachagga wa kuleta maji shambani. Najua ile sauti maji yakifika shambani na najua mtu anasimamaje na jembe akisubiri, kwa hiyo hapo kwenye mfereji nikasema hapa ndo naanzia, sianzii kwenye meli. Kwanza nilijisimulia yote kwa Kichagga nikiwa naosha vyombo, halafu Kiswahili, ya mwisho Kiwelisi, na nilipokosa neno nikatumia madogo niliyonayo, dŵr maji, bara mkate, ffos mfereji. Wiki mbili, kila siku kwenye basi la asubuhi.

Siku yenyewe nilisahau mwaka mmoja nikauruka nikaendelea. Niliposema kwamba kwenye koloni lile wanawake wa miaka 18 walikuwa wanapiga kura tangu mwanzo, wakati Uingereza wanawake walisubiri mpaka 1918 na hapo ni wa miaka 30 kwenda juu, bibi mmoja wa darasani akaomba nirudie, nikarudia, akaandika.

Jioni nikampigia mama nyumbani nikamhadithia. Akasikiliza mpaka mwisho, swali lake likawa moja, je wenye mashamba ya chini walikuwa wanapata maji? Nikamwambia baadaye walichimba mifereji mikubwa kwa pamoja, pande zote mbili za mto. Akasema haya, hapo sawa, akaniuliza Desemba nakuja au siji.