Safari Isiyo na Msiba: Siku Tatu Tanga na Mama

Nilipompigia Mama simu kumwambia ajiandae, Ijumaa ya wiki ijayo tunakwenda Tanga, alinyamaza kidogo, kisha akauliza kwa sauti ya chini: "Nani amefariki?"

Sikumlaumu. Baada ya simu ile nilikaa nikahesabu safari zote nilizomwona Mama akisafiri tangu nipate akili. Kilosa, msiba wa babu. Dodoma, harusi ya binamu yangu. Muhimbili mara nne, kumuuguza Baba. Kilosa tena, arobaini. Mama yangu amefundisha shule ya msingi miaka 34, amestaafu, sasa ana miaka 66, na hajawahi kupanda basi kwenda mahali kwa sababu tu anataka kupaona. Hata Bagamoyo alikwenda na wanafunzi, na huko siku nzima alikuwa anahesabu vichwa.

Nikamwambia hakuna aliyefariki. "Basi nani anaoa?" Hakuna. "Sasa tunakwenda kwa nani?" Nikamjibu hatuendi kwa mtu, Mama, tunakwenda kutembea. Akasema, "Haya, nitakupigia," akakata.

Kaka yangu naye alipopata habari alisema hela hiyo afadhali nimtumie Mama abadilishe bati la jikoni linalovuja. Bati linavuja kweli. Lakini mchezo wetu wa kazini ulikuwa umenifikia zamu mwezi Juni, na nilishaamua. Nikamwambia kaka bati nitalisimamia Agosti, na nililisimamia. Magoti ya Mama hayatangoja bati.

Siku mbili zikapita Mama hajapiga. Nikajua nimekosea namna ya kumwambia. Mama yangu si mtu wa kupelekwa starehe. Ukimwambia "nakupeleka" anaanza kupiga hesabu ya kile utakachokosa wewe. Nikampigia tena, safari hii nikamwambia ukweli wa upande wangu: nimechoka, nimeomba ruhusa ya siku moja kazini, nataka kwenda Tanga, na sitaki kwenda peke yangu. Papo hapo akajibu, "Peke yako utakwendaje? Basi nitakusindikiza." Na ikawa hivyo mpaka mwisho: kwa majirani wote wa Kibaha, yeye ndiye aliyenisindikiza mimi.

Nilichagua Julai kwa sababu masika yameshapita, kipupwe kimeingia, na machungwa ya Muheza yako kwenye msimu. Tanga niliichagua kwa sababu ni tambarare, ina bahari katikati ya mji, na haina purukushani za Dar. Kutoka Dar ni kama kilomita 350, siku moja inatosha kufika na kupumzika.

Mama ana sukari na magoti yanamsumbua, kwa hiyo mipango yangu yote ilizunguka mambo hayo mawili. Nilimuuliza muuguzi wa kliniki yake kabla sijakata tiketi. Akaniambia dawa zote zikae kwenye mkoba wa mkononi, zisiingie kwenye buti ya basi. Niwe na kitu cha kutafuna asichelewe kula. Na gari likisimama ashuke, atembeetembee anyooshe miguu. Tiketi nilikata siti za upande wa dereva, safu ya tatu, yeye akae upande wa njia mguu upate pa kunyooka. Nilipandia Mbezi, nikazungumza na konda kabla gari halijaondoka kwamba nina mama mzee atapandia Kibaha na hawezi kubanwa haja muda mrefu. Nilidhani atanikunjia uso. Mama alipopanda, kijana akamwamkia, "Shikamoo mama. Ukitaka kuchimba dawa usione haya, niambie mimi." Tulisimama mara mbili kabla ya Segera, na mara zote alimshika mkono kumshusha. Kijana yule simsahau.

Pale Segera njia zinapoachana, ya Tanga na ya Moshi, Mama aliamka usingizini akafungua dirisha. Muheza wauzaji wakajaa madirishani na machungwa yaliyokwisha kumenywa, ganda la nje limetolewa kwa kisu mkanda mmoja mrefu, nyama nyeupe imebaki, juu kimekatwa kifuniko. Mama alinunua matano. Alikula moja tu, taratibu, akalila na nyama zake badala ya kulikamua maji yakaisha, kwa sababu alishaambiwa kliniki tunda zima si sawa na juisi. Manne akagawa: konda, mimi, na watoto wawili wa siti ya nyuma.

Sasa chumba. Hapa ndipo nilipoingia hasara, na nieleze vizuri ili mwenye mzazi wa magoti asikie. Nilikuwa nimepiga simu nyumba ya wageni moja wiki mbili kabla, nikauliza mambo matatu: chumba cha chini, vitanda viwili, choo cha kukaa. Wakasema vyote vipo, nikatuma nusu ya malipo kwa simu. Tulipofika, saa saba mchana, chumba cha chini kilikuwa kimepewa mtu mwingine, wakatuonyesha cha ghorofa ya pili. Ngazi zile zilikuwa nyembamba, hazina pa kushika. Mama alizitazama, akasema, "Si neno, nitapanda polepole," akaweka mguu wa kulia juu, akausubiri wa kushoto, akapanda ngazi tatu hivyo hivyo, na ya nne nikaona mkono wake ukitafuta ukuta. Nikamwambia shuka Mama. Sikugombana, maana Mama hapendi kelele mbele za watu, lakini hela yangu waliirudisha nusu yake tu. Dereva wa bajaji aliyetuleta alikuwa hajaondoka. Akatupeleka sehemu nyingine karibu na Chumbageni, chumba kiko usawa wa baraza, shilingi 50,000 kwa usiku na chai ya asubuhi. Tangu siku ile siamini neno la simu. Namwomba mtu wa mapokezi anipigie picha ya chumba chenyewe na ya mlango wa choo, na malipo natuma nikishaiona picha.

Mama aliingia chumbani akatoa kwenye begi shuka zake mbili, kanga na ndala. Kila asubuhi alitandika kitanda kabla msafishaji hajaja, na vikombe vya chai akavisuuza. Nilimwacha. Ndivyo alivyostarehe.

Liko jambo ambalo watu hawalipangi na linaweza kuharibu safari nzima: ndugu. Tuna mama mdogo, mtoto wa mama yake mdogo Mama, ameolewa Tanga anakaa Makorora. Ukifika mji wenye ndugu ukalala nyumba ya wageni na yeye asijue, hiyo lawama itasemwa hadi msibani kwako. Mimi nilitaka tumpitie Jumapili tukiondoka. Mama akakataa: hodi hupigwa siku ya kwanza. Basi Ijumaa jioni, baada ya kupumzika, tukaenda na mchele kilo tano na kitenge. Mama mdogo alifurahi mpaka akalia, kisha akaanza: mizigo iko wapi, kitanda kipo, mnalalaje kwa watu baki nami ni hai? "Tanga waja leo waondoka leo wasemao ni watu, mimi sikuachieni!" Nilikaa kimya nikijua Mama atakubali, maana hajawahi kukataa kitanda cha ndugu. Mama akamshika mkono, akasema, "Mdogo wangu, safari hii nimekuja kutembea na mwanangu. Chakula chako tutakula, lala yetu ni kule." Akalisema mbele ya watu, bila kutafuta kisingizio. Tukala wali wa nazi na samaki wa kupaka, tukarudi saa tatu usiku.

Jumamosi ndiyo niliyoipangia mengi: asubuhi mapango ya Amboni, mchana makumbusho ya Urithi kwenye boma la zamani la Wajerumani, jioni boti mpaka kisiwa cha Toten. Dereva wa bajaji tulipatana shilingi 40,000 kutwa nzima, na hiyo ndiyo hela niliyoitumia vizuri kuliko zote. Mama hakusimama juani akingoja usafiri hata dakika moja, na kila tuliposhuka kiti kilikuwa pale pale.

Wakati wa chai, nikiwa namsomea ratiba hiyo, Mama akauliza: "Machui ni mbali?"

Nikamuuliza Machui kuna nini. Akanitazama kama alivyokuwa akimtazama mwanafunzi aliyesahau daftari. "Si ndiko alikozikwa Shaaban Robert?"

Miaka 34 alimfundisha, na mimi binti yake niliyelala nikisikia akijiandalia masomo kwa sauti sikuwahi kufikiri kwamba mtu yule ana kaburi, na kwamba liko upande huu wa nchi. Wiki mbili nilipanga magoti, dawa, choo na siti. Kumuuliza yeye anataka kuona nini Tanga, sikumuuliza.

Kisiwa tukakifuta. Amboni tulikwenda, maana ni kilomita chache tu kaskazini mwa mji, njia ya Horohoro, ila tuliifanya kwa kipimo chake. Niseme wazi: ndani ya mapango kuna sehemu za kuinama, kubana mbavu na kutambaa, na chini panateleza. Magoti mabovu yaishie kwenye ukumbi wa kwanza. Nilimweleza mwongozaji tangu getini, naye akampa Mama fimbo, akatushusha taratibu mpaka pale kwenye ubaridi na harufu ya popo, akamtafutia jiwe la kukaa. Kisha akamsimulia habari za Osale Otango, aliyewasumbua wakoloni miaka ya 1950 na kujificha humo. Mama akamdakia maneno: baba yake alikuwa akiwasimulia habari hizo hizo Kilosa, na yeye akiwa mdogo akiogopa kwenda chooni usiku. Mwongozaji akaacha kusimulia, akawa anasikiliza. Tulikaa kama nusu saa. Watalii wengine walipita wakaenda ndani wakarudi wamechafuka magoti, sisi bado tumekaa.

Urithi tulipita haraka. Mama alisimama kwenye picha za mji wa zamani, akaniambia hapa Tanga ndipo Wajerumani walipofungua shule yao ya kwanza ya serikali, miaka ya 1890, na waalimu wakafundishwa humo. "Babu zetu wa kazi," akasema.

Baada ya swala ya adhuhuri na chakula, tukashika njia ya Pangani. Machui ni kusini mwa mji. Tulipouliza njia, mzee mmoja aliyekuwa akisuka kuti alisimama, akaacha kazi yake, akapanda bajaji pamoja nasi kutuonyesha. Upepo wa kusi ulikuwa unapiga minazi. Mama alijifunga ushungi vizuri, akasogea kaburini bila fimbo, akasoma Fatiha. Kisha akabaki amesimama. Nilimwona anasugua kidole gumba na cha shahada polepole, kama alivyokuwa akifanya akimaliza kuandika ubaoni, akipangusa vumbi la chaki. Sikumsemesha.

Tulipokuwa tunarudi kwenye bajaji akasema, "Alizaliwa 1909, akafa 1962. Miaka 53 tu. Mimi nimemzidi 13." Baadaye kidogo akaongeza, "Na yote yale ameyaandika."

Jioni tulikaa bustani ya Jamhuri, kwenye benchi, tukikitazama kile kisiwa cha Toten ambacho hatukwenda. Alikula muhogo wa kuchoma, nikamnyima pweza kwa sababu ya pilipili, akanikasirikia kama mtoto. Kisha akaniambia habari za Baba walipokuwa wachumba, ambazo sizisemi hapa.

Kwa hesabu yangu, nauli za watu wawili kwenda na kurudi, usiku mbili, bajaji, viingilio, chakula na zawadi, nilitumia kama shilingi 330,000, ukiacha ile niliyoipoteza kwenye chumba cha ghorofani.

Jumapili tulipanda basi la asubuhi. Mama mdogo alikuja stendi na kiroba cha machungwa, kizito hata konda aliguna kukibeba. Kibaha niliteremka naye, nikalala kwake. Usiku ule alikimwaga kiroba kwenye mkeka sebuleni, akayapanga mafungu: la jirani wa kulia, la jirani wa kushoto, la mwalimu mwenzake mstaafu, la fundi wa bati. Fungu la mwalimu mwenzake Mama akaliongezea mawili, akaniambia nitafute kalamu nimwandikie mwalimu huyo kwenye karatasi jina la Machui na njia ya kufika.