Kuku Wakianza Kufa, Sikimbilii Dawa ya Unga

Hapa Ahero kuku wakifa kwa wingi, nusu ya kijiji husema ni mafua ya ndege, nusu nyingine huenda agroveti kununua ile dawa ya unga wa manjano, yaani antibiotiki, waikoroge kwa maji. Msimu wa mvua uliopita kuku wa jirani walianza kuhara kijani, wengine shingo zimepinda. Mama mkwe akaniambia, "Nyathina (mwanangu), tia dawa mapema." Nikamjibu, "Mama, kwanza tumsikie daktari."

Daktari wa mifugo alishuku kideri (ugonjwa wa Newcastle), ila kideri na mafua ya ndege hufanana, kwa hiyo sampuli zikaenda maabara. Hofu ilikuwa na msingi. Januari 2017 aina ya mafua ya ndege iitwayo H5N8 ilipatikana Uganda, na Kenya ikapiga marufuku kuku na mayai ya huko. Isitoshe mashamba yetu ya mpunga yamejaa bata mwitu, ambao hubeba virusi bila kuugua na kuvimwaga kwenye kinyesi.

Majibu yakaja: kideri. Lakini hata ingekuwa mafua ya ndege, unga ule usingesaidia, maana magonjwa yote mawili huletwa na virusi. Antibiotiki hupiga bakteria, wakiwemo wazuri wa utumboni, na wanaosalia ni wale sugu, wasiosikia dawa. Salmonela, bakteria anayeharisha watu, hukaa ndani ya kuku mzima kabisa, kisha ikatufikia siku ya kuchinja. Ikiwa sugu, anayehangaika hospitalini ni mtoto wako.

Wangu niliwafungia ndani, maji ya bomba badala ya mfereji, viatu vya bandani haviingii nyumbani. Walikuwa na chanjo ya kideri tayari. Huwa naibeba kwenye chupa ya chai yenye barafu, nachanja jioni wakishatulia: binti yangu anamshika kuku, nageuza kichwa, tone moja jichoni, nangoja apepese ndipo namwachilia. Vifaranga nawaacha walelewe na mama yao. Wakidonoadonoa kinyesi chake wanapata bakteria wa kuwakinga mapema, bahati ambayo wa mashine hawana. Kunyonyoa kuna beseni lake, na nyama naipika hadi mfupani.

Antibiotiki bado natumia, daktari akiandika. Mara ya mwisho alinikataza kuuza mayai hadi siku za dawa kutoka mwilini mwa kuku ziishe. Wateja wangu wa steji walinuna, mmoja akahamia kwa jirani.