Rimu Kubwa: Sura ya Gari na Utulivu wa Safari

Mwenye Toyota Crown jijini Dar es Salaam hakosi kuulizwa, ama na fundi wake ama na vijana wanaouza spea pale mtaa wa Gerezani, ni lini atazitoa zile rimu za inchi 16 zilizokuja na gari. "Kaka, weka kumi na nane, gari litulie chini, lionekane gari." Maneno hayo nimeyasikia mara nyingi mno, nami nimeona afadhali niyajibu kwa maandishi, kwa kuwa ndani yake mna madai mawili yanayouzwa kwa bei moja: kwamba rimu kubwa hulipendezesha gari, na kwamba gari likishafungwa rimu hizo huenda vizuri zaidi barabarani. Dai la kwanza nalikubali kwa kiasi. La pili silikubali, walau kwa barabara tunazopita sisi.

Crown ni gari zuri la kuzungumzia jambo hili kwa sababu Toyota wenyewe wameliuza likiwa na sura zote mbili. Chukua toleo lililoanza kuuzwa Japani mwaka 2008, ambalo limejaa barabarani kwetu. Aina yake iitwayo Royal Saloon huja na tairi la 215/60R16, na ile iitwayo Athlete huja na 225/45R18. Namba ya kwanza ni upana wa tairi kwa milimita. Ya pili ni kimo cha ubavu wa tairi kikiwa asilimia ya upana huo. Ya mwisho ni kipenyo cha rimu kwa inchi. Ukipiga hesabu utaona kwamba gurudumu zima la Royal, kutoka chini hadi juu, lina kipenyo cha milimita 664, na la Athlete lina milimita 660. Kwa maneno mengine, gurudumu la Athlete si kubwa kuliko la Royal hata kidogo. Kilichoongezeka ni chuma, na kilichopungua ni mpira: ubavu wa tairi la Royal una milimita 129, na wa Athlete una milimita 101.

Milimita hizo 28 ndizo zinazonunuliwa na kuuzwa katika biashara nzima ya rimu. Watu wengi hudhani kwamba kazi ya kumeza mitikisiko ni ya springi na shokapu peke yake, ilhali kitu cha kwanza kukutana na shimo ni tairi, na upepo uliomo ndani yake ndio springi ya kwanza ya gari. Ubavu mrefu hujikunja pale tairi linapopanda jiwe au ukingo wa lami, kisha hujikunjua, na sehemu ya pigo huishia humo kabla ya kufika kwenye bushi, kwenye shokapu na hatimaye kwenye mgongo wa abiria. Ubavu mfupi una nafasi ndogo ya kujikunja, kwa hiyo pigo hupita. Ndiyo maana anayepanda Athlete baada ya kuzoea Royal hujua tofauti kwenye vituta vidogo vidogo vilivyopangwa karibu karibu, kama vile vya kwenye barabara inayokatiza Hifadhi ya Mikumi, kabla hajajua tofauti kwenye kitu kingine chochote.

Haki nayo isemwe. Ubavu mfupi haulegei gari linapokata kona, kwa hiyo stelingi hujibu upesi zaidi, na dereva huhisi kwamba gari linafuata mkono wake. Kwenye lami nzuri ya barabara kuu jambo hilo lina raha yake, nami simlaumu anayelipenda. Lakini Athlete haikupewa rimu za inchi 18 tu. Ilipewa pia springi na shokapu zilizokazwa ili ziendane nazo. Anayechukua rimu za Athlete akazifunga kwenye Royal hupata ugumu wa tairi bila ule uthabiti wa bodi: gari hudunda kwenye mashimo madogo na bado huyumba kwenye kona kama lilivyoyumba mwanzo. Kwa maoni yangu huo ndio mchanganyiko mbaya kuliko yote miwili, na ndio unaofanywa zaidi.

Hoja ninayotupiwa mara kwa mara ni kwamba magari ya barabara mbovu yana magurudumu makubwa, kwa hiyo ukubwa hauwezi kuwa na ubaya. Ni kweli kwamba gurudumu kubwa hupita shimo kwa urahisi zaidi, na yeyote aliyeendesha baiskeli ya Phoenix ya inchi 28 kwenye njia ya kijijini, kisha akajaribu baiskeli ya mtoto kwenye njia hiyo hiyo, hahitaji kuthibitishiwa. Tuchukue shimo lenye upana wa sentimita 20 ambalo tairi halifiki chini yake. Gurudumu lenye kipenyo cha sentimita 50, kadiri ya lile lililofungwa kwenye Mini ya mwaka 1959 yenye rimu za inchi 10, litazama humo karibu milimita 21. La Crown litazama milimita 15 hivi. La Land Cruiser ya mkonga, yenye tairi la 7.50R16 (hapa upana umetajwa kwa inchi) ambalo kipenyo chake ni karibu sentimita 80, litazama milimita 13 tu. Hata Ford Model T, iliyoanza kuuzwa mwaka 1908 wakati barabara nyingi za Marekani zilikuwa za udongo, ilipewa magurudumu yenye kipenyo cha inchi 30 kwa nje, yaani sentimita 76.

Sasa angalia namba ya mwisho kwenye tairi hilo la Land Cruiser: ni 16. Gari linalotegemewa kufika Liwale wakati wa masika lina rimu ya inchi zile zile zinazodharauliwa kwenye Crown, na ukubwa wake wote umo kwenye mpira. Kinachosaidia barabarani ni kipenyo cha gurudumu zima pamoja na kimo cha ubavu. Ukikuza rimu na kuacha kipenyo cha nje kama kilivyokuwa, hupati faida yoyote ya gurudumu kubwa. Unabaki na hasara ya ubavu mfupi.

Kuna pia suala la uzito. Rimu, tairi na diski ya breki ni mzigo ambao springi haziubebi. Huo hupanda na kushuka pamoja na kila kituta cha barabara, na kadiri unavyokuwa mzito ndivyo shokapu inavyopata taabu kuutuliza. Rimu kubwa za bei nafuu mara nyingi huwa nzito kuliko zile za kiwandani, na uzito wake husogea mbali na kitovu cha gurudumu, mahali ambapo injini huhitaji nguvu zaidi ili kuuzungusha na breki nguvu zaidi ili kuusimamisha. Watengenezaji wa magari ya umeme hulikiri jambo hili waziwazi, kwani gari lile lile likifungwa rimu kubwa hutangaziwa umbali mfupi zaidi kwa chaji moja.

Na sura je? Hapo siwezi kuleta ubishi mkubwa, kwa sababu macho yangu nayo yanapenda. Milango ya magari ya sasa ni mirefu na madirisha yamekuwa membamba, kwa hiyo gurudumu dogo hupotea chini ya bodi pana ya bati. Rimu ikijaza upinde wa madigadi, gari huonekana limeshika ardhi. Crown ya inchi 18 kweli hupendeza kuliko ya inchi 16 yenye kifuniko cha plastiki. Ila kuna mpaka, na kwa Crown naona mpaka huo ni hapo hapo kwenye 18. Kuanzia 20 kwenda juu, mpira hubaki ukanda mweusi tu, gari likaonekana linatembelea chuma, na ukichungulia katikati ya mikono ya rimu unaiona diski ya breki ya kiwandani imejikunyata pale ndani, ndogo kupita kiasi. Kwa magari madogo yenye breki za dramu nyuma hali huwa ya kusikitisha zaidi, na ninashangaa kwamba wauzaji hawaoni.

Wapo wanaokuza rimu na kukuza kipenyo cha nje kwa pamoja. Ukifunga 235/50R18 kwenye Royal, gurudumu hufikia milimita 692, yaani limezidi kwa takriban asilimia 4. Mshale wa spidi, ambao huhesabu mizunguko, utasoma pungufu kwa kiasi hicho. Mishale mingi hutengenezwa ikionyesha mwendo mkubwa kidogo kuliko ulio halisi, kwa hiyo tahadhari hiyo ndiyo unayoila. Na anayependa kushikilia 50 kamili mbele ya askari wa tochi ya kupimia mwendo afahamu kwamba hana tena akiba aliyokuwa nayo. Aangalie pia kama tairi haligusi madigadi stelingi ikikatwa hadi mwisho huku gari likiwa limejaa.

Kwa atakayenunua hata hivyo, mambo machache ni ya kukaguliwa kabla ya kulipa. Crown hutumia nati tano zilizopangwa kwenye duara lenye kipenyo cha milimita 114.3, lakini kulingana kwa nati pekee hakutoshi: tundu la katikati likiwa kubwa kuliko kitovu bila pete ya kulijaza, stelingi hutetemeka mwendo ukiongezeka, na rimu inayotokeza sana nje huichosha beringi. Rimu za Japani huwa na alama ya JWL, ambayo ni ya kiwango cha usalama cha rimu cha huko. Rimu zinazouzwa zikiwa zimevalishwa matairi ya mtumba zisomwe ile namba ya tarakimu nne ubavuni. 2316 maana yake tairi lilitengenezwa wiki ya 23 ya mwaka 2016, na muuzaji akisema ni jipya jibu liko hapo hapo. Ichunguzwe pia sehemu ya ndani ya rimu, kwa kuwa rimu iliyopasuka ikachomelewa hupakwa rangi vizuri kwa nje.

Mwisho ni upepo na mzigo. Tairi la 225/45R18 lenye alama ya mzigo ya 91 hubeba kilo 615, na la 215/60R16 lenye alama ya 95 hubeba kilo 690. Gari la kwenda Moshi mwezi Desemba likiwa na watu watano na mizigo ya sikukuu linahitaji dereva ajue tofauti hiyo, na ajue kwamba stika ya upepo kwenye nguzo ya mlango iliandikwa kwa ajili ya matairi ya kiwandani. Ubavu mfupi ukipungukiwa upepo kidogo tu, shimo moja linatosha kuupinda mdomo wa rimu na kulivimbisha tairi ubavuni.

Mimi Royal yangu nimeiwekea 215/55R17. Kipenyo chake ni milimita 668, kwa hiyo mshale haujapotoka kwa kiasi cha kutajika, na ubavu bado una milimita 118. Upinde wa madigadi umejaa kiasi cha kuniridhisha, na vijana wa Gerezani wanaendelea kuniambia kwamba nimeishia njiani.