Ajira ya shemeji na ajira ya baba mdogo

Kila zinaposomwa takwimu nzuri za ajira katika taarifa ya habari ya saa mbili usiku, nyumbani kwetu Mwanga, hapa Kigoma, chakula hupoa mezani. Shemeji yangu, mjumbe wa shina wa CCM, huanza kutabasamu kabla msomaji hajafika mwisho wa sentensi, na baba mdogo, ambaye ni ACT-Wazalendo asiyejificha, huwa ameshanawa mikono. Mmoja husema ile ahadi ya ajira milioni 8 katika Ilani ya mwaka 2020 ndiyo hiyo inatimia. Mwingine huuliza hao walioajiriwa wanakaa mtaa gani, maana wa kwetu hajawaona.

Zamani nilidhani lazima mmoja wao awe mwongo. Siku hizi naona kila mmoja analitumia neno moja kwa maana yake. Mtu wa hapa akikwambia hana ajira, hasemi kwamba anakaa bure. Huenda analima mihogo na kuuza mawese, ila hana mkataba wala mshahara wa mwisho wa mwezi. Wataalamu wana kipimo chao: kwa kanuni ya Shirika la Kazi Duniani, aliyefanya kazi ya kumpatia kipato japo kwa saa moja katika siku saba zilizopita huhesabiwa kuwa anayo ajira. Ofisi ya Taifa ya Takwimu nayo imekuwa na tafsiri ya kitaifa, ambayo huwaingiza miongoni mwa wasio na ajira hata walio tayari kufanya kazi lakini hawakuitafuta, kwa hiyo utafiti mmoja huweza kuzaa viwango viwili, na mwanasiasa akachukua kinachomfaa.

Hizo siku saba ndizo zinazonisumbua, kwa sababu ya dada yangu. Yeye ni kibarua wa kuanika dagaa mwaloni Kibirizi. Dagaa huvuliwa kwa taa wakati wa giza. Mbalamwezi ikitoka, mitumbwi hupumzika, chanja hubaki tupu, naye hana malipo wala uhakika wa kuitwa tena. Karani akimkuta wiki ya giza atapata jibu moja, akimkuta wiki ya mbalamwezi atapata jingine, na yote mawili yatakuwa kweli. Mwaka 2024, Ziwa Tanganyika lilipofungwa kwa uvuvi kuanzia katikati ya Mei hadi katikati ya Agosti, hata giza halikumsaidia.

Shemeji naye ana hoja yake. Reli ya kisasa ya Tabora hadi Kigoma, kilomita 506, ambayo mkataba wake ulisainiwa Desemba 2022, inahitaji mikono ya watu, na kazi ya tuta la reli ni kazi hata kama ina mwisho wake. (Baba mdogo hapendi nikimkumbusha kwamba mwanawe mwenyewe ameomba kibarua huko.) Ninachomdai shemeji ni kwamba atakapotaja idadi ya ajira, aseme pia ni za miezi mingapi.

Juzi walibishana hadi saa nne. Dada, ambaye wakati wa giza hulala mapema ili aiwahi mitumbwi alfajiri, alikuwa nasi tangu mwanzo, akimenya karanga taratibu. Nje mwezi ulikuwa mpevu.